Gavana Tredwin na Kisima cha Umerenga

Wako waliosafiri bara wakarudi na pembe na ngozi, na wako waliorudi na homa. Shekuwe bin Famau, mkalimani, alirudi na habari moja tu, na watu wa mtaani kwao walipomsikiliza walimwuliza mara tatu kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Alikuwako, na mengine yalipita kinywani mwake mwenyewe kabla hayajafika masikioni mwa mtu.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu isiyopanda wala kushuka. Kiingereza alikipata kwa kutumika miaka kumi na miwili katika ofisi ya bandari. Kimerenga alikinyonya kwa mama yake, aliyetoka Umerenga akiwa msichana na hakujaliwa kurudi. Basi ilipokuja barua kwamba Gavana wa Umerenga ataka mkalimani mpya, kwa kuwa wa zamani amepandishwa cheo, Shekuwe hakufikiri mara mbili. Alitaka kuiona nchi ambayo mama yake aliiota kila alipougua.

Umerenga ni nyanda za juu, majani marefu na upepo usiolala. Kutoka huko hadi bahari iliyo karibu zaidi ni mwendo wa siku arobaini. Msikilizaji na alishike hilo, maana bila hilo hataelewa kilichomshangaza Shekuwe alipofika ukingoni mwa nyanda zile asubuhi moja na kuinua macho.

Juu ya kilima kikubwa kilichosimama katikati ya nchi palikuwa na milingoti mitatu. Haikuwa milingoti ya mchezo. Kila mmoja ulikuwa miti mirefu iliyounganishwa kwa pete za chuma, hata ncha yake ikapotea katika mawingu mepesi. Kamba zilishuka kutoka huko hadi mteremkoni, nene kama paja la mtu, na kwenye kila kamba walijipanga watu mia mbili, mia tatu, wanaume kwa wanawake. Kengele ikalia. Wimbo ukaanza upande wa kaskazini, ukajibiwa kusini, na watu wote wakavuta. Matanga yakapanda taratibu, meupe, kila moja pana kama kijiji. Upepo ukayashika, yakajaa kwa mshindo kama wa radi, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo za Shekuwe.

Baadaye aliapa kwamba kwa muda wa pumzi mbili aliisikia nchi ikienda. Alipozinduka alikuta ameshika jiwe kwa mikono yote miwili, asije akaanguka.

"Usione haya," sauti ilisema nyuma yake. "Wageni wote hushika kitu."

Aliyesema alikuwa mtu mnene wa miaka kama arobaini, amevaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, filimbi ya fedha kifuani. Akajitambulisha kwa jina la Kirumbi, Serahangi Mkuu wa Umerenga, yaani msimamizi wa mabaharia wote.

"Umekuja siku njema," akasema. "Jana tulikwenda maili mia na kumi."

"Akina nani walikwenda?"

"Nchi."

Shekuwe akatazama upande wa mashariki, ambako mlima wenye theluji kileleni ulisimama kimya. Mama yake alimsimulia mlima huo, mahali pale pale. "Na ule mlima?" akauliza.

"Ule hutufuata," akasema Kirumbi bila kupepesa. "Ni mlima mwaminifu sana."

Siku zilizofuata Shekuwe alifundishwa sheria. Umerenga ni manowari, na kila aliyezaliwa humo ni baharia tangu kilio chake cha kwanza. Kaskazini haiitwi kaskazini bali omo, kwa kuwa ndiko mbele ya chombo. Kusini ni tezi, nyuma yake. Upepo ukivuma kwa nguvu, filimbi hulia na watu wote wa upande mmoja wa nchi hukimbilia upande wa pili, wazee wakibebwa migongoni, ili chombo kisilale. Shekuwe aliziona mbio hizo mara moja na hakuzisahau: watu elfu tatu wakipita katika majani bila neno, kisha wakichutama kwa pamoja kama ndege. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alikuwa amechutama huku ananyonyesha.

Maji yaligawiwa kwa kipimo, kama ilivyo baharini: kata nne kwa kila kichwa kwa siku, kutoka kwenye matangi ya mvua yaliyolindwa na askari. Na sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikatazwa hata kutaniwa: asiyeruhusiwa asitoboe chini. Kaburi lilichimbwa na maofisa wawili wakiwa na kipimo mkononi, lisizidi kimo cha goti, na marehemu alifunikwa kwa mawe. Visima vyote vya zamani vilizibwa. Chini ya ardhi, walisema, kuna bahari, na tundu moja latosha.

Palikuwa pia na Baraza la Uzani, lililokaa kila juma kuamua nani yuko upande gani na ana uzito kiasi gani. Shekuwe alikalimani kikao kizima kilichobishania kama mama mjamzito ahesabiwe mzigo mmoja au miwili. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba mtoto aliye tumboni anaelea, kwa hiyo hana uzani. Mwingine akajibu kwa heshima kwamba ameoa wake wawili na hajawahi kumwona mmoja wao akiwa mwepesi kwa sababu hiyo. Walibishana mpaka adhuhuri, wakaunda kamati.

Lakini hakuna lililomtia Shekuwe hofu ya heshima kama Gavana mwenyewe.

Ambrose Tredwin alikuwa mzee wa miaka sabini, mrefu, ndevu nyeupe, macho ya rangi ya chuma. Aliishi juu ya kilima katika sitaha ya mbao iliyozungushiwa ukingo, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameshuka humo. Upepo ulipobadilika alikuwa wa kwanza kuujua; aliinua uso na kufumba macho kama mtu asikilizaye dua. Viboko alivipiga marufuku. Chakula chake kilikuwa kile cha mabaharia, na maji yake kata nne. Alimsikiliza kila mtu hadi mwisho, na alipomtazama Shekuwe mara ya kwanza, Shekuwe alihisi kama amepimwa hadi chini kabisa na hakukutwa mtupu.

"Mkalimani," Gavana alimwambia siku ile, "mimi sijui lugha yao. Nilijaribu, ulimi wangu ukakataa. Kwa hiyo mimi ni kiziwi, na wewe ndiwe sikio langu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bwana Mkubwa."

Kidogo kidogo, kwa maneno ya kudokezadokeza, Shekuwe alijua maisha ya mzee yule. Alipandishwa manowari akiwa na miaka kumi na miwili. Akawa ofisa, akawa nahodha, akapata vyeo na kovu la risasi begani. Kisha, mwaka wake wa arobaini na tisa, katika ukungu, manowari yake ilipanda mwamba. Rubani alikuwa na shaka na maji yale, lakini aliogopa kusema mbele ya nahodha. Watu sitini na mmoja walikufa. Mahakama ya wanamaji ilimwona hana hatia, naye hakukubaliana nayo. Wakubwa zake hawakujua la kufanya na mtu aliyetembea ukumbini kwao akitaja majina ya wafu. Wakampa nchi ya kutawala, wakachagua iliyo mbali na maji kuliko zote, wapate kustarehe.

"Niliapa," Gavana alimwambia, "kwamba chombo hiki sitakizamisha."

Mwezi wa tano wa Shekuwe kule, mvua ilikosa. Matangi yakashuka. Kata nne zikawa tatu, tatu zikawa mbili. Ndipo likaletwa jambo la Mama Rusenye.

Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu wa kijiji cha Kisaru, mfupi, mwenye mikono mipana. Baba yake alikuwa fundi wa visima kabla ya sheria, na alimfundisha binti yake kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Askari walimkuta ndani ya shimo, nyuma ya zizi lake, matope hadi kiunoni. Chini ya miguu yake kulikuwa na maji. Waliotazama humo walitoka mbio wakipiga kelele: "Chombo kinavuja!"

Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kutoswa. Baharini, chombo kikizidiwa, mzigo hutupwa majini ili wengine wapone. Umerenga, kijiji kizima kilisukumwa nje ya mpaka hadi nyika ya miiba, na yaliyowapata huko hayakuandikwa. Vijiji vitatu vilikwisha kutoswa katika miaka ya ukame. Safari hii ilikuwa zamu ya Kisaru, watu elfu mbili.

Shekuwe alitumwa kwenye kifungo kuchukua jina la mshitakiwa. Alimkuta amekaa sakafuni, anakwangua matope makavu kwenye viwiko.

"Una pua ya watu wa kwetu," mama yule akasema kabla hajasalimiwa.

"Mama yangu alizaliwa Kisaru."

"Nilijua. Karibu, mwanetu. Samahani, sina maji ya kukupa."

"Mama Rusenye, uliijua sheria?"

"Niliijua. Na kiu niliijua pia. Nina wajukuu watano, watatu wana homa. Asubuhi nikipita nyuma ya zizi, nyayo zangu zilikuwa zikisikia baridi. Baba alinifundisha baridi ile maana yake nini. Nilijizuia miaka kumi na tisa, mwanangu. Wewe ungejizuia mingapi?"

Shekuwe aliandika jina akatoka, na mlangoni akamkuta Kirumbi anamngoja.

"Kesho utasimama ngazini," Serahangi Mkuu akasema kwa upole, akimshika mkono kama ndugu. "Nikupe siri ya kazi hii, maana nami niliifanya kabla yako. Kukalimani ni kuchekecha unga. Makapi hayapelekwi mezani."

"Na nani huamua makapi ni yapi?"

"Sisi tuliokaa muda mrefu. Mama yule atasema mengi. Wewe utasema anaomba radhi. Gavana atahuzunika, atatia sahihi, na nchi itaendelea kwenda." Akauachilia mkono wake. "Katika daftari la wageni umeandikwa kuwa mama yako ni wa Kisaru. Nimeliona mimi tu mpaka sasa. Ningesikitika kama kesho wangekuhesabu na wenzako."

Siku ya hukumu nchi yote ilikusanyika chini ya kilima. Watu wa Kisaru walichutama mbele, mizigo yao imekwisha kufungwa, maana hawakutarajia jingine. Juu kabisa, ukingoni mwa sitaha, Gavana alisimama akiwa amevaa koti la unahodha. Mama Rusenye alisimama chini kwenye majani, mbele yake kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, kikiwa ndicho ushahidi. Mahali pa mkalimani palikuwa ngazini, katikati, na Kirumbi vidato viwili nyuma yake.

Mashitaka yakasomwa. Gavana akainama mbele.

"Mwulize kama alijua kwamba anatoboa chombo."

Shekuwe akamwuliza. Mama Rusenye hakumtazama yeye. Alimtazama mzee wa juu.

"Mwambie nimechimba pima nane. Sikukuta mbao, sikukuta chuma. Nimekuta udongo mwekundu, halafu mchanga, halafu mwamba, halafu maji. Mwambie yeye ni mtu wa bahari, mimi sijaiona bahari. Lakini nasikia maji yake yana chumvi. Basi haya na ayaonje."

"Anaomba radhi," Kirumbi alinong'ona mgongoni mwa Shekuwe. "Sema anaomba radhi."

Shekuwe aliona watu elfu mbili wamechutama na mizigo. Alimwona bibi mmoja wa mstari wa mbele ambaye alikuwa na pua ile ile. Juu yake alimwona yule aliyemwita sikio. Alijua pia kuwa nyika ya miiba haina maji, na kwamba yeye si kijana tena wa kuanza maisha. Kisha akayasema yote kwa Kiingereza, udongo kwa udongo na mchanga kwa mchanga, bila kuongeza na bila kupunguza.

Matanga peke yake yalisikika.

"Rudia," Gavana akasema.

Akarudia.

"Lete kibuyu."

"Bwana Mkubwa!" Kirumbi akapaza sauti. "Huenda ni sumu!"

Mama Rusenye hakungoja kutafsiriwa. Alitoa gunzi, akanywa funda kubwa mbele ya watu wote, akafuta mdomo kwa kiganja, akampa Shekuwe kibuyu. Shekuwe akapanda nacho. Maji baridi yalimmwagikia vidoleni.

Gavana aliweka maji kinywani na hakuyameza. Alifumba macho. Mtu aliyekaa baharini tangu utoto haulizi mtu chumvi ni nini. Anaijua kwa ulimi, kwa midomo iliyopasuka, kwa vidonda. Alikaa hivyo muda mrefu, hata watu wakaanza kutazamana. Kisha akameza, akainua kibuyu, akanywa tena, na tena, kama mnyama aliyevuka jangwa, mpaka kikaisha.

"Ni maji matamu," akasema kwa sauti ndogo.

Shekuwe akageuka akalitangaza kwa Kimerenga. Hakuna aliyeshangilia. Watu walitoa pumzi, wote kwa mara moja, na pumzi hiyo ilipanda kilimani ikamgusa Shekuwe usoni.

"Nipelekeni kwenye kisima," Gavana akasema.

Akateremka. Alipita kando ya Shekuwe, kando ya Kirumbi, akafika kidato cha mwisho, akasimama. Chini yake kulikuwa na majani tu. Watu wakarudi nyuma. Waliokuwa na miaka chini ya kumi na tisa hawakuwahi kumwona mtu huyo akiwa chini, na wengine walifunika nyuso. Akanyoosha mguu kama mtu anayejaribu ngalawa, akaukanyaga udongo. Ukamshika. Akaleta mguu wa pili.

Walikwenda Kisaru kwa miguu, saa mbili nzima, nchi yote ikimfuata. Kamba ziliachwa, matanga yakapigapiga hovyo nyuma yao, na hakuna aliyegeuka. Kule nyuma ya zizi mzee yule alitoa mfukoni bildi, ile risasi nzito yenye kamba ambayo mabaharia huitumia kupima kina. Akaishusha mwenyewe, akihesabu mafundo ya kamba kwa Kiingereza, pole pole. Ikagota. Pima nane. Alipoivuta juu, mchanga ulikuwa umenata chini yake. Akausugua kati ya vidole. Kisha akakaa juu ya kifusi.

"Ni nani aliyesema kwamba nchi hii ni meli?"

Shekuwe akauliza kwa Kimerenga. Kirumbi akasogea mbele, filimbi imemning'inia kifuani.

"Ni wewe, Bwana Mkubwa. Siku ya kwanza ulipofika."

"Nilisema nchi ni *kama* meli," Gavana akasema. "Nilisema nitaitunza *kama* nahodha atunzavyo meli yake. Ilikuwa hotuba tu. Magavana wote huhutubu."

Shekuwe alilifasiri hilo kwa umati, na neno "kama" alilitamka kwa nguvu mara mbili, lisije likapotea tena. Kirumbi alikuwa analia.

"Mizinga ya heshima ilikuwa inapigwa," akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwahi kusikia mzinga. Neno lilikuwa dogo. Likaniponyoka. Kesho yake wazee walikuja na kamba, wakauliza wavute wapi. Niliogopa kusema nimekosea. Mwaka wa pili nilikwisha kupewa koti. Na kadiri koti lilivyokuwa na vifungo vingi, ndivyo ilivyokuwa vigumu."

Gavana alimtazama. Shekuwe alitarajia hasira, akaona kitu kingine. Kama mtu aliyekutana njiani na mtu anayemfahamu.

"Nami niliona watu wanavuta kamba," mzee akasema. "Nikafurahi. Sikuuliza kwa nini. Kila siku waliniletea maili, nikaziandika. Mwanzo nilijua ni mchezo wa utii. Kisha sikujua tena. Rubani wangu aliogopa kunena mbele yangu. Na hapa nimeifanya nchi nzima iwe rubani yule." Akainua kichwa. "Tumetosa vijiji vitatu. Ni watu wangapi?"

Makarani wa Baraza la Uzani walifungua daftari. Walipekua huku, wakapekua kule, wakanong'onezana. Mwishowe mkubwa wao akasema, kwa aibu, kwamba idadi ya watu haimo. Waliandikwa kwa ratili.

Mama Rusenye, aliyekuwa amesimama kando ya shimo lake, aliangua kicheko kimoja kikavu, kisha akaficha uso kwa kanga.

"Baharini," Gavana akasema, "mtu akianguka majini chombo hugeuzwa. Hii haigeuziki. Basi nitageuka mimi."

Baraza lilikaa siku nne kujadili kama Gavana ana ruhusa ya kwenda mpakani, na kama waliotoswa wakirudi wahesabiwe abiria au shehena. Hakungoja uamuzi. Alivua koti, akaliacha Baraza likizungumza na koti, akaenda. Milingoti haikuangushwa, lakini matanga yalikatwa mapande, wakayatundika mpakani yawe vivuli kwa watakaofika. Mama Rusenye alikwenda na jembe lake na binti zake wawili, wakachimba kisima kule, pima kumi na moja, pasipo kificho. Kirumbi aliomba kazi ya kuteka maji. Akapewa. Aliteka tangu alfajiri hata jioni, viganja vikachubuka, na hakuwahi kuonekana tena na filimbi.

Wajumbe wakatumwa nyikani. Gavana alikaa kwenye kigoda kando ya njia, Shekuwe mkono wake wa kulia. Kila aliyefika aliambiwa maneno yale yale: "Mimi ndiye niliyekutosa. Nilikosea. Nchi ni yako, ingia." Shekuwe aliyasema mara mia tisa na zaidi. Wengine walipita bila kugeuza kichwa. Mmoja alitaka kujua mbuzi wake yuko wapi. Mwingine alicheka mpaka akakaa chini. Kijana mmoja aliinua fimbo, akaishusha, akaomba maji. Gavana hakumkwepa hata mmoja, na kila usiku umri ulizidi kumshika. Lakini asubuhi alikuwa kigodani.

Mwezi wa nane wa Shekuwe kule walikoma kuja. Siku sita hakupita mtu. Siku ya saba alitokea mwanamke mmoja mkongwe, peke yake, amejitwika mafiga matatu ya jiko lake ndani ya wavu. Kirumbi akamletea maji. Akanywa. Shekuwe akamwambia maneno yale.

Mwanamke aliteremsha mafiga, akaja karibu na kigoda, akamtazama mzee wa kigeni machoni. Akaanza kusema, taratibu, bila ukali, akitua baada ya kila neno.

"Lurande," akasema. "Mukereti. Nashamba. Oreko..."

Gavana alimsikiliza. Alimgeukia mkalimani wake. "Anasema nini?"

"Anataja watu wake, Bwana Mkubwa. Walikuwa tisa pamoja naye walipotoka."

"Nifasirie."

"Majina hayafasiriki," Shekuwe akasema. "Husikilizwa tu."

Mzee akashika goti, akasimama. Akavua kofia. Upepo wa Umerenga ulipita kati yao, ukatikisa vivuli vyeupe juu ya njia, na mwanamke aliendelea mpaka jina la nane. Alipomaliza alijitwika mafiga yake, akaingia nchini.